Kutafuta Kazi Kupitia Watu Bila Kuomba Kubebwa

Kampuni binafsi jijini Dar es Salaam inapopungukiwa mtu, safari ya nafasi hiyo haianzii kwenye tangazo. Inaanza na meneja wa idara aliyepokea barua ya kuacha kazi asubuhi, na kazi imemkalia mezani. Jambo la kwanza analofanya ni kuwauliza walio karibu naye: kuna mtu mnayemjua anayeiweza hii kazi? Jina likipatikana, mtu huyo anaitwa azungumze. Lisipopatikana, ndipo ofisi ya rasilimali watu inaandika tangazo, na kwa nafasi za kawaida kama msaidizi wa bohari au karani wa hesabu CV zinamiminika kwa mamia. Afisa ajira anazipitia haraka sana, akitafuta sababu ya kuiweka kila moja pembeni.

Meneja anaanza kwa kuuliza watu kwa sababu anaogopa. Kuajiri mtu asiyeiweza kazi, au asiye mwaminifu, kunamgharimu miezi. Anayekutaja anampunguzia hofu hiyo, lakini naye anaweka jina lake rehani. Ukiharibu, lawama inamrudia yeye. Kwa hiyo kazi yako katika kutafuta kazi kupitia watu ni moja: kuwapa watu kitu cha kweli, kifupi, wanachoweza kukisema juu yako bila wasiwasi. Mjomba mwenye cheo asiyejua unachoweza kufanya ana faida ndogo kuliko msimamizi wako wa fildi aliyekuona ukihesabu stoki mpaka saa mbili usiku.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja ili hatua zionekane: mtu aliyesoma Ununuzi na Ugavi, amefanya kazi bohari ya vifaa vya ujenzi kwa miaka miwili, na sasa anataka kuhamia kampuni za dawa. Badilisha fani, hatua ni zilezile.

Kabla ya yote: serikalini ni njia nyingine

Nafasi nyingi za utumishi wa umma Tanzania zinapitia Sekretarieti ya Ajira, na maombi yanatumwa kwenye mfumo wa Ajira Portal. Huko mtu hakusaidii kuingia. Kinachokuangusha mara nyingi ni makaratasi: barua isiyosainiwa, namba ya NIDA iliyokosewa, au kuambatisha hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe. Matangazo yao husema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliki, na kwamba unatakiwa wadhamini watatu wenye mawasiliano ya uhakika. Barua inaweza kuwa ya Kiswahili au Kiingereza.

Watu wanakufaa kwa jambo lingine: tafuta waliofanya usaili wa kada yako, wakueleze mtihani wa mchujo ulivyokuwa, na kama kulikuwa na usaili wa vitendo kabla ya ule wa ana kwa ana. Anayekuambia atapitisha jina lako kwa malipo ni tapeli au mla rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja pia rushwa ya ngono kuwa kosa, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Itumie.

Yanayofuata yanahusu sekta binafsi na mashirika yasiyo ya kiserikali.

Hatua ya 1: Andika sentensi yako moja

"Natafuta kazi yoyote" ndiyo kauli inayowaangusha wengi. Anayeambiwa hivyo anakuonea huruma kweli, lakini hana la kufanya, kwa sababu hakuna nafasi inayoitwa "yoyote". Wiki mbili baadaye akisikia bohari fulani inatafuta mtu, jina lako halimjii.

Sentensi yako iwe na vitu vinne: kazi, sekta, ushahidi, mahali. Kwa mfano wetu:

"Natafuta kazi ya bohari kwenye kampuni za dawa hapa Dar, nimefanya miaka miwili kupokea mzigo na kuhesabu stoki kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi, na hesabu zangu za mwisho wa mwezi zilikuwa zinalingana na rafu."

Ijaribu kwa mtu asiye wa fani yako, mama mdogo au jirani. Subiri siku moja, kisha muulize unatafuta nini. Akirudia kazi na sekta, sentensi inafanya kazi. Akisema "unatafuta kazi ofisini", rudi ukaikate.

Kama una fani mbili, uwe na sentensi mbili na CV mbili, lakini mtu mmoja mwambie moja tu.

Hatua ya 2: Safisha unavyoonekana kabla hujamwandikia mtu

Mtu akitaka kukutaja, atatuma namba yako au kiungo cha LinkedIn. Anayepokea ataangalia dakika ileile. Kwa hiyo kagua haya:

Simu. Jitafute kwenye Truecaller. Kama jina linalotokea ni la utani uliohifadhiwa na rafiki, lirekebishe. Ondoa wimbo wa mwito unaopiga kelele. Picha ya WhatsApp iwe uso wako, mwanga wa mchana, ukuta mtupu nyuma. Hadhi unazoweka zinaonekana na kila aliyehifadhi namba yako ambaye nawe umehifadhi yake. Malalamiko juu ya bosi wako wa zamani yanasomwa na bosi anayekuja.

CV. Kurasa mbili, PDF, na jina la faili liwe jina lako na kazi: "Jina_Ukoo_CV_Bohari". Faili inayoitwa "CV mpya final 3" inapotea kwenye simu ya mtu ndani ya saa moja. Usitume picha za kurasa ulizopiga kwa simu. Mifumo ya maombi haiwezi kuzisoma vizuri na afisa hawezi kuziingiza kwenye folda yake. Kampuni nyingi binafsi zinafanya kazi kwa Kiingereza, basi CV iwe kwa lugha iliyotumika kwenye tangazo.

Ndani ya CV, kila jukumu libebe kipimo. "Nilihusika na shughuli za bohari" haisemi kitu. "Nilihesabu aina 600 za bidhaa kila mwisho wa mwezi, tofauti kati ya daftari na rafu ilishuka kutoka asilimia 4 hadi 1" inasema yote, ilimradi ni kweli, maana ndicho kitu cha kwanza utakachoulizwa kwenye usaili: ulifanyaje mpaka ikashuka? Kama huna asilimia, tumia idadi, muda au ukubwa: malori mangapi kwa wiki, wateja wangapi kwa siku, watu wangapi uliwasimamia.

Vyeti. Viskani vyote kwenye PDF moja, ukianza na cha juu, na ukubwa usizidi MB 2. Kwa fani zenye bodi, namba ya usajili iwe kwenye ukurasa wa kwanza wa CV: Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB) kwa mfano wetu, NBAA kwa wahasibu, ERB kwa wahandisi. Kama uko katikati ya mitihani ya bodi, andika umefika ngazi gani. Hilo linakutenganisha na wengi walioishia kwenye shahada.

LinkedIn. Mstari ulio chini ya jina usiandike "Natafuta kazi". Andika kazi unayoifanya na sekta unayoilenga, kwa sababu waajiri wanatafuta kwa majina ya kazi. Kwenye maelezo, aya mbili zinatosha.

Walioko Kenya wanadaiwa pia hati za KRA (kodi), HELB (mkopo wa elimu ya juu), EACC (tume ya maadili na kupambana na rushwa), CRB (historia ya mikopo) na cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi). Kwa marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022, mwajiri anatakiwa azidai pale tu anapotaka kuingia mkataba na wewe, kwa hiyo usimalize fedha kuzikusanya kabla hujaanza hata kuomba.

Hatua ya 3: Orodha ya watu 40

Fungua karatasi ya Excel au daftari lenye safu sita: jina, kampuni na cheo, mnafahamianaje, tarehe ya mawasiliano ya mwisho, alichosema, hatua inayofuata na tarehe yake. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kubwa. Bila hiyo utawasumbua watu walewale wawili na kuwasahau wengine.

Watu 15 wawe waliokuona ukifanya kazi. Wasimamizi wa fildi, wakuu wa zamani, wenzako waliohamia kampuni nyingine. Hapa kuna kundi ambalo watafuta kazi hulisahau: maafisa mauzo na madereva wa wasambazaji. Watu hawa huzunguka bohari nyingi kwa wiki, wanajua nani anaondoka wapi kabla ya ofisi ya rasilimali watu yenyewe. Ongeza pia waliokuona ukishika jukumu nje ya ajira. Kama ulikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi na mahesabu yakafungwa bila mgogoro, wajumbe wa kamati hiyo wamekuona ukishika fedha za watu. Ni ushahidi halali wa uaminifu. Vivyo hivyo kwa waliokuona kwenye jumuiya, kwaya, madrasa au kikundi cha kuweka na kukopa.

Watu 15 wengine wawe uliosoma nao au waliokutangulia chuoni. Usiishie kwa marafiki. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha utafiti uliokuja kunukuliwa mno: waliopata kazi kupitia mtu, wengi waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja au kwa nadra. Sababu yake ni nyepesi. Rafiki wa karibu anazunguka mnakozunguka wote na anasikia unayoyasikia. Aliyeko mbali kidogo yuko kwenye vikao usivyovijua.

Kumi wa mwisho ni usiowajua kabisa, ambao wanafanya kazi unayoitaka. Wapate LinkedIn kwa kuandika jina la kazi na jina la kampuni, au kwenye mikutano ya bodi za taaluma. Tafuta mtu aliye ngazi moja au mbili juu ya nafasi unayoitaka. Mkurugenzi mkuu hana muda wala hajui bohari inahitaji nini wiki hii. Msimamizi wa bohari anajua.

Waandikie watano kwa wiki. Ukiwaandikia wote 40 siku moja utashindwa kufuatilia, na zaidi ya hapo utakuwa umepoteza nafasi ya kujifunza: mazungumzo matano ya kwanza yatakufundisha namna ya kuuliza vizuri zaidi, basi waanze wale wa karibu, na wale muhimu kuliko wote waje wiki ya tatu.

Hatua ya 4: Ujumbe wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na makosa ni yaleyale. La kwanza, kutuma "Habari" au "Mambo" halafu kusubiri ujibiwe. Mtu mwenye kazi anaona salamu kutoka namba asiyoijua, anaiacha. Salamu, utambulisho na ombi viwe kwenye ujumbe mmoja. La pili, sauti ya dakika nne. Aliyeko kikaoni hawezi kuisikiliza. La tatu, kuambatisha CV ambayo haijaombwa, jambo linalogeuza ujumbe mzima kuwa ombi la kazi. La nne ndilo baya zaidi: ujumbe uleule kwa watu wengi. Watu wa fani moja wanajuana, na huoneshana.

Ujumbe unaojibiwa unafanana na huu:

"Habari za kazi, dada (jina). Mimi ni (jina), nilisoma Ununuzi na Ugavi CBE na kumaliza 2022, ulinitangulia. Nimefanya miaka miwili bohari ya vifaa vya ujenzi, kupokea mzigo na kuhesabu stoki, na nataka kuhamia upande wa dawa. Nimeona uko huko sasa. Naomba dakika 15 za simu wiki ijayo, Jumanne au Alhamisi, muda utakaokufaa, nikuulize mambo mawili: utunzaji wa dawa unatofautianaje na bidhaa nyingine, na mafunzo gani waajiri wanayajali kweli. Sikuombi kazi, nataka kuielewa kabla sijaanza kuomba. Asante."

Unajibiwa kwa sababu una uhusiano wa kweli (chuo kimoja), kazi inayoeleweka, muda uliotajwa, na maswali ambayo mtu anayapenda kwa kuwa anayajua. Tena unampa nafasi ya kukubali bila kujifunga. Ukimwomba kazi, majibu ni mawili tu, na kwa kuwa mara nyingi hana nafasi ya kutoa, atanyamaza kuliko kukukatalia.

"Sikuombi kazi" iwe kweli. Ukiisema kisha ukaomba kazi dakika ya tano, umemalizana na mtu huyo.

Kumwita dada au kaka kunafaa kwa mliokaribiana umri au mliosoma chuo kimoja. Kwa mtu mzima usiyemjua, andika "Ndugu" au cheo chake, na mkionana mpe shikamoo yake. LinkedIn inabana urefu wa maneno ya mwaliko kwenye akaunti ya bure, basi huko andika uhusiano mlio nao na ombi tu; maelezo mengine yaje akishakukubali.

Wakati wa kutuma una uzito. Jumanne mpaka Alhamisi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, au baada ya saa 9 alasiri. Jumatatu ni vikao. Ijumaa mchana kuna swala, na baada yake watu wanafunga wiki. Zingatia pia kalenda ya fani yenyewe. Mhasibu wa Tanzania usimsumbue siku za mwanzo wa mwezi anapoandaa PAYE, wala zile za kuelekea tarehe 20 ambapo ritani ya VAT inatakiwa. Mtu wa bohari yuko kwenye hesabu ya stoki siku mbili tatu za mwisho wa mwezi. Mtu wa manunuzi serikalini mwezi Juni hana pumzi, kwa kuwa mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30.

Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku saba, mistari miwili. Akinyamaza tena, mwache kwa miezi mitatu.

Hatua ya 5: Dakika 15 zenyewe

Piga wewe, kwa gharama yako, kwa dakika uliyosema. Uwe mahali pasipo na kelele za daladala. Kama amekubali muonane, nenda karibu na kazini kwake muda wa chakula cha mchana. Usiingie ofisini bila kualikwa, kwa sababu kitabu cha wageni getini kinamfanya aulizwe wewe ni nani. Chai lipa wewe, ila akisisitiza kulipa kama mkubwa wako, shukuru.

Maswali yanayozaa majibu:

1. Siku yako ya kazi inaliwa zaidi na nini?
2. Mtu wa mwisho kuajiriwa kwenye nafasi kama hii, alikuwa na nini ambacho wenzake hawakuwa nacho?
3. Stoki mnaifuatilia kwa mfumo gani? (Jina utakalotajiwa, kama SAP, Sage, Tally au Odoo, ndilo la kwenda kujifunza wiki hiyo.)
4. Wanaotoka sekta nyingine wanakosea wapi miezi ya mwanzo?
5. CV kama yangu ikifika mezani kwako, nini kingekufanya uiweke pembeni?

Swali la nne ndilo dhahabu. Kwa mfano wetu jibu litakuwa karibu na hili: watu wa vifaa vya ujenzi wamezoea mzigo ulioingia kwanza utoke kwanza, ila kwenye dawa kinachotoka kwanza ni kile kinachokaribia kuisha muda wake, hata kama kimeingia jana, namba ya toleo inaandikwa kwa kila boksi ili TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ikiagiza toleo fulani liondolewe sokoni lipatikane siku hiyohiyo, na chanjo zinazotakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8 zina daftari la joto ambalo halirukwi hata siku ya sikukuu. Mtu anayeyasema haya kwenye usaili bila kuulizwa anaonekana tayari ni wa ndani.

Andika anayoyasema. Ikifika dakika ya 14, wewe ndiye useme muda umekwisha. Kisha uliza la mwisho: "Kuna mtu mwingine unayedhani nizungumze naye, na naweza kumwambia umenielekeza wewe?" Mazungumzo yasiyokupa jina jingine yamekupa maarifa, yaliyokupa majina mawili yameongeza orodha. Jina lake usilitumie bila ruhusa hiyo.

Siku hiyohiyo mshukuru kwa mistari mitatu, ukitaja jambo moja mahsusi alilokufundisha. Baada ya wiki mbili au tatu mrudie na taarifa: "Ulinishauri nijifunze mfumo ule, nimemaliza mafunzo ya mtandaoni wiki hii." Ujumbe huu wa pili una nguvu kuliko wa kwanza. Wengi huomba ushauri, wachache hurudi kusema wameutumia, na hao wachache ndio wanaotajwa nafasi inapojitokeza, kwa kuwa sasa mtu huyo ana jambo aliloliona kwa macho yake: nilimwambia, akafanya.

Hatua ya 6: Tengeneza ukurasa mmoja wa kazi

Cheti kinasema umesoma. Ukurasa wa kazi unaonyesha unavyofanya. Msaidizi wa bohari atengeneze karatasi ya Excel yenye dawa 20 za mfano, na safu za jina, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, iliyopokelewa, iliyotoka, iliyobaki, na rangi nyekundu inayojiwasha zikibaki siku 90 kabla ya kuisha. Ni kazi ya jioni mbili. Mhasibu aonyeshe usuluhishi wa taarifa ya benki wenye takwimu za kubuni. Mwalimu aonyeshe andalio la somo na zoezi lake. Fundi umeme awe na picha za boksi la umeme kabla na baada, nyaya zikiwa na lebo, kwa ruhusa ya mwenye jengo. Mpishi aonyeshe menyu iliyopigiwa gharama kwa sahani.

Usitumie kamwe data halisi ya mwajiri wako wa zamani, hata kama umefuta majina. Mwajiri mpya anayeiona hajui kazi yako tu, anajua pia utakachofanya na siri zake.

Ukurasa huu uutume pale mtu anapouliza unaweza nini, na uuchapishe uende nao kwenye usaili.

Hatua ya 7: Maonyesho na mikutano

Sabasaba, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, huwa na mabanda ya mamia ya kampuni. Usiende tarehe 7 Julai yenyewe wala mwisho wa wiki. Nenda siku ya kazi asubuhi, wahudumu wakiwa bado wana sauti. Chagua mabanda sita kabla hujaondoka nyumbani. Aliyesimama mbele mara nyingi ni wa masoko: muulize kwanza kuhusu bidhaa, kisha muulize nani anasimamia idara unayoitaka. Usigawe CV mabandani, zinaishia kwenye boksi la vipeperushi. Omba jina, na kesho yake mwandikie mwenye jina.

Mikutano ya bodi za taaluma ina ada, lakini kwa waliosajiliwa ndiyo chumba chenye mameneja wengi wa fani yako kwa pamoja. Kaa na usiowajua.

Hatua ya 8: Tangazo likitoka

Omba kwanza, kwa njia iliyoandikwa kwenye tangazo, na kabla ya siku ya mwisho, maana mifumo huelemewa usiku wa mwisho. Kisha ndipo umwandikie mtu wako wa ndani: "Nimeomba nafasi ya msaidizi wa bohari, kumbukumbu namba fulani, leo asubuhi. Kama unaona inafaa kunitaja, mambo matatu ya kukumbuka ni haya." Orodhesha matatu hayo. Mpangilio huu una sababu: akienda rasilimali watu kukutaja, swali la kwanza ni "ameshaomba?" Kama hujaomba, umemweka pabaya. Na neno "kama unaona inafaa" linampa uhuru wa kunyamaza bila ugomvi.

Kichwa cha baruapepe kiwe na jina la nafasi, namba ya kumbukumbu na jina lako. Mwili usiwe mtupu. Mistari minne, wa kwanza ukiwa ile sentensi ya hatua ya 1 iliyogeuzwa kuendana na tangazo.

Wadhamini wapigie siku unapotuma maombi, si siku utakapoitwa. Watumie tangazo, CV uliyotuma, na matukio mawili ambayo kila mmoja aliyashuhudia. Mdhamini anayepigiwa ghafla na kusema "ngoja nikumbuke, yupi huyo?" amekuharibia bila kukusudia.

Pesa

Usilipe ili upate kazi. Ada ya fomu, ya vipimo vya afya kupitia "daktari wetu", ya sare, ya kuharakisha faili: zote ni dalili ya utapeli, na matapeli hutumia nembo za kampuni kubwa na namba za simu binafsi. Piga namba iliyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe uulize kama nafasi ipo. Kwa kazi za nje, hasa Oman na nchi nyingine za Ghuba, omba kuona leseni ya wakala, kisha uihakiki TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kabla hujakabidhi pasipoti, na usisafiri bila mkataba ulioandikwa mshahara, saa za kazi na nani analipa tiketi ya kurudi.

Baada ya usaili, na baada ya kupata kazi

Jioni ya usaili andika maswali yote uliyoulizwa ukiwa bado unayakumbuka, na umshukuru aliyekusaili kwa baruapepe fupi. Usiposikia kitu baada ya siku saba za kazi, au baada ya tarehe waliyokutajia, uliza mara moja. Ukikataliwa, jibu kwa heshima na uombe wakukumbuke. Aliyechaguliwa huweza kukataa mshahara au kuacha ndani ya miezi mitatu ya majaribio, na wa pili kwenye orodha ndiye anayepigiwa.

Ukipata kazi, wiki ya kwanza mjulishe kila mmoja kwenye ile orodha ya watu 40 kwa ujumbe wake mwenyewe, pamoja na wale ambao hawakuweza kukusaidia, kisha rekebisha safu ya kampuni na cheo kwa kila aliyehama. Weka tarehe ya mawasiliano yajayo kila baada ya miezi mitatu. Na chuoni kwako kuna aliyemaliza mwaka huu atakayekuandikia akiomba dakika 15: mpe, mwambie mfumo mnaotumia, na mtajie majina mawili.